Mvungu uliolaliwa: kisa cha boti ya futi 24 pale Wesha

Mimi ni seremala wa nyumba, Chake Chake, Pemba. Ninatengeneza milango, makabati na vitanda, na hadi mwanzoni mwa mwaka huu sikuwahi kugusa ubao wa chombo cha baharini isipokuwa nikiwa abiria. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu tangu nilipotengeneza upya kitanda cha boti moja nimeulizwa na watu watatu wenye boti za namna hiyo, na kila mmoja ameanza na swali nililoanza nalo mimi: tundu la kufikia mvungu wa kitanda nilikate ukubwa gani? Swali si baya, ila halipaswi kuwa la kwanza.

Mwenye boti ni shemegi yangu, nahodha. Amelelewa kwenye mashua ya baba yake, akibeba boriti na makuti, na sasa ana mwaka wa nne na boti ya tanga ya faibaglasi, futi 24, yaani mita 7.3, aliyoinunua kwa mgeni aliyemaliza safari zake. Huchukua wageni watatu au wanne kutoka bandari ya Wesha hadi kisiwa cha Misali, na safari nyingine hulala humo humo wakiwa wametia nanga. Chini ina mikuku miwili ya ubavuni, kwa hiyo maji yakipwa hukaa wima mchangani bila magadi ya kuitegemeza.

Ndani kuna kitanda kila ubavu, na cha tatu omoni, yaani mbele. Kitanda cha ubavuni kina urefu wa sentimita 195 na upana wa 60 na kitu. Juu ni plaiwudi ya milimita 12 yenye matundu mawili ya mraba, sentimita 30 kwa 25, kila moja na kifuniko chake. Juu ya plaiwudi kuna godoro la sponji la kipande kimoja. Chini yake ni mvungu unaokwenda hadi kwenye ubavu wa boti, na kwa kuwa ubavu umepinda, mvungu nao ni mpana juu na mwembamba chini. Nikikadiria, unameza kama lita 300. Kwa boti ndogo kama ile ni nafasi kubwa, na shemegi alikuwa ameijaza yote.

Mwishoni mwa Januari walikuwa wanarudi kutoka Misali. Kaskazi ilikuwa kali, inawapiga kushoto, na boti imelalia kulia. Kijana wa tanga akashuka ndani kuchukua maji ya kunywa, akakuta mkeka unaelea. Mpira wa kutolea maji ya sinki ulikuwa umechomoka kwenye vali yake, ile koki ya tundu linalotoka nje ya boti, klipu imekatika kwa kutu, na vali yenyewe iko chini ya kitanda cha kulia, upande ule ule uliozama.

Tundu la milimita 25 likiwa sentimita 30 chini ya maji huingiza kama lita 40 kwa dakika. Ni ndoo kubwa ya lita 20 kila nusu dakika, bila kupumzika.

Kufunga vali ni kazi ya robo mzunguko wa mkono, lakini kwanza ilibidi waifikie. Wageni wawili walikuwa wamekaa juu ya kitanda na mabegi yao kando. Wakaondoka, mabegi yakatupwa upande wa pili. Godoro likainuliwa. Sponji ya karibu mita mbili haikunjiki kwenye chumba ambacho mtu mzima hawezi kunyoosha shingo, kwa hiyo likakwama chini ya rafu, na kijana ikambidi alizuie kwa mgongo. Kifuniko kilikuwa kimevimba kwa unyevu, kikatolewa kwa bisibisi. Chini ya kifuniko kuna gunia la mchele, kamba, jiko, mtungi mdogo wa gesi wa akiba. Vitu vikatolewa kimoja kimoja, na mwisho wa yote vali haikuwa chini ya tundu lile. Ilikuwa nusu mita kuelekea nyuma, gizani. Shemegi alilala kifudifudi, akapitisha mkono hadi begani, akapapasa.

Ilichukua dakika tano au sita. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Walifua kwa ndoo, wakafika Wesha salama, na wageni waliambiwa ni mpira tu umechomoka, jambo ambalo ni kweli.

Kesho yake alikuja karakana. Hakusema walikaribia kuzama. Alisema: "Shemegi, ile vali niliiona kwa mkono. Kwa jicho sijaiona mpaka leo."

Nikamtania kidogo kwa methali, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akanijibu bila kucheka: "Kuinama niliinama. Mvungu wenyewe ulikuwa umelaliwa."

Nikamuuliza maboya ya kuokolea yako wapi. Akanyamaza. Yalikuwa chini ya kitanda cha omo, chini ya godoro jingine. Hapo sote wawili tulinyamaza, maana hakuna Mpemba wa umri wetu asiyekumbuka usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama mkondo wa Nungwi ikija kwetu. Maboya tuliyatoa jioni ile ile, kabla sijapima hata ubao mmoja, na sasa yananing'inia ndani kando ya ngazi. Wageni wakilalamika kwamba yanaziba dirisha, waambiwe sababu.

Sasa kazi. Wazo langu la kwanza lilikuwa la seremala wa kabati: ng'oa juu yote ya kitanda, uifanye kama mfuniko wa kasha, utie bawaba kwa nyuma, mtu anainua mara moja anaona kila kitu. Nilichora, nikakata sampuli ya kadibodi ngumu, nikaenda nayo botini. Haikufanya kazi, na ni vizuri mwenzangu mwingine asirudie. Mfuniko wenye bawaba nyuma unainuka kuelekea ubavu wa boti, na ubavu wa boti hauko wima. Umeinama ndani, na juu yake kuna rafu. Kwa hiyo haufiki hata nusu ya njia ya kusimama. Hausimami wenyewe, lazima mkono mmoja uushike, na mkono huo ndio unaohitajika chini. Zaidi ya hapo, godoro lote bado liko juu yake. Nilikuwa nimekuza tundu bila kugusa kilichokuwa kimeliziba.

Siku hiyo alipita mzee mmoja aliyewahi kuunda majahazi, sasa macho yamempungua. Nilimwamkia, nikamwonyesha kadibodi yangu. Aliiinua, akaiachia ikaanguka. "Hii itamkata mtu vidole, mwanangu. Bahari haikungojei utie gongo la kuitegemeza." Kisha akauliza: "Banduru ya chombo hiki iko wapi?"

Banduru ni mahali pa kufulia maji, kwa hiyo nikamwonyesha ngama, sehemu ya chini kabisa katikati ya sakafu.

"Hapo ni maji yakishajikusanya. Huko yanakoingilia nako mtu anafika?" Akaketi kwenye ngazi. "Jahazi hata lisheheni vipi, banduru haipakiwi. Mzigo unaishia ukingoni, anabaki mtu na upo wake anafua maji. Nahodha akipakia banduru, baharia mwenye akili hapandi."

Maneno hayo yaligeuza kazi nzima. Hadi pale mimi na shemegi tulikuwa tunatafuta namna ya kutumia mvungu vizuri zaidi, yaani kupakia zaidi na kutoa kwa urahisi. Mzee alikuwa anatuambia kwamba kuna sehemu ya mvungu ambayo si ghala hata kidogo.

Nilimwomba kijana wa tanga apige mstari wa penseli kwenye kadibodi kila mara anapofungua chini ya kitanda, na aandike anatafuta nini. Siku tatu, mistari 31. Zaidi ya nusu ilikuwa maji ya kunywa na miwani ya kuzamia. Jiko mara nne. Kamba ya akiba mara moja. Mtungi wa gesi wa akiba haukuguswa. Na vitu vinavyotakiwa kila saa ndivyo vilivyokuwa chini kabisa, kwa sababu ni vizito au vimelowa, na watu huvitupa kwanza.

Hapo nikakumbuka kasha letu la Zanzibar, lile la misumari ya shaba. Nimeyatengeneza upya mengi. Mfuniko wake uko juu, lakini chini, kwa mbele, yako madroo, mara nyingi matatu. Bibi anaweza kuweka magodoro na mito juu ya kasha mwaka mzima na bado akavuta droo achukue udi wake. Waliounda kasha lile walijua kwamba kila chenye mfuniko juu, siku moja kitawekewa kitu juu. Kitanda cha boti ni hivyo hivyo. Basi njia ya vitu vya kila siku iwe mbele, usoni mwa kitanda.

Lakini ubao wa mbele wa kitanda cha boti, ambao kwa kitanda cha nyumbani ningeuita mfumbati, si pazia. Katika boti ya faibaglasi ubao huo umebandikwa kwenye mwili wa boti kwa kitambaa cha faiba toka mwanzo hadi mwisho, na unafanya kazi ya taruma: unazuia ubavu usipapatike boti inapopiga wimbi. Ukiukata ovyo umekata ubavu mmoja wa mnyama aliye hai. Kwa hiyo nilijiwekea mipaka. Uso una kimo cha sentimita 42. Juu niliacha 10, chini 12, tundu likabaki na kimo cha 20. Matundu mawili ya upana wa 40, na katikati yao sentimita 30 za ubao mzima. Karibu na ukuta wa kugawa chumba sikukata kitu. Pembe zote nilizichora kwa kopo la maziwa ya unga ili ziwe za mviringo, kwa maana pembe kali ndiko ufa unakoanzia, na boti hujipinda kila siku. Kwa ndani kila tundu likapata fremu ya plaiwudi yenye upana wa sentimita 4, imegandishwa kwa epoksi, kurudisha nguvu iliyoondoka. Zile 12 za chini zina faida ya pili: ni kizingiti. Boti ikilala, vitu haviji miguuni.

Epoksi inahitaji onyo. Kwa joto letu la Februari, ukichanganya kikombe kizima saa sita mchana, kinachemka chenyewe mkononi. Changu kilianza kutoa moshi kabla sijafunika hata nusu ya kingo. Nilihamia alfajiri, nikawa nachanganya kidogo na kuimwaga kwenye sinia ili itawanyike na joto litoke. Kila ukingo uliokatwa ulipakwa mara tatu. Plaiwudi hunywa maji kwa kingo zaidi kuliko kwa uso, na kifuniko kilichovimba siku ile kilikuwa hakijawahi kupakwa chochote pembeni.

Badala ya milango, matundu ya mbele nimeyafunika kwa jarife kuukuu, yaani wavu wa kuvulia, limekazwa juu na chini kwa kamba ya mpira na kulabu. Shemegi alitaka milango ya msaji yenye vipini vya shaba, na ningepata fedha zaidi. Ila jarife halina bawaba ya kushika kutu, halivimbi, linapitisha hewa, na mtu anaona kilichomo kabla ya kuingiza mkono. Hewa si jambo dogo. Mvungu uliofungwa pande zote wakati wa masika unaota kuvu ndani ya wiki moja, na godoro linaanza kunuka kutokea chini.

Sasa vali. Mbele yake kabisa nilikata tundu la tatu, dogo, sentimita 20 kwa 20, na ndani nikasimamisha mbao mbili za kugawa, moja kila upande, hadi zikakutana na ubavu wa boti. Chini ya kila ubao niliacha upenyo mdogo ili maji yashuke ngamani, yasijifiche. Kikapatikana kijumba cha upana wa sentimita 30 chenye vali na mpira wake na hakuna kingine. Hakina mlango wala jarife. Nimekizungushia rangi nyekundu.

Shemegi alikataa kwanza. Alipiga hesabu kwamba anapoteza nafasi ya madumu mawili, na alikuwa sahihi, ni kama lita 45. "Nafasi yote hiyo nimwachie bomba?" Nikamwambia ndiyo banduru yenyewe, na mzee alikuwa amekaa pale pale ngazini, hakuongeza neno.

Vali yenyewe ilibidi ibadilishwe, na hilo halifanyiki boti ikielea. Tulingoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na kati ya kujaa na kupwa ni karibu mita nne, kwa hiyo kuanzia saa mbili hadi saa sita boti ilikuwa imekaa mkavu kwenye mikuku yake na mtu anazunguka chini kwa miguu. Vali ya zamani ilikuwa ya shaba ya njano ya kawaida, ile ya mabomba ya nyumba. Nilipoikwaruza kwa kisu, ndani ilikuwa nyekundu kama tofali, na ilimomonyoka. Maji ya chumvi huila zinki iliyomo kwenye shaba ya njano, ikabaki shaba tupu yenye vitundu, isiyo na nguvu. Kwa hiyo klipu iliyokatika ilikuwa rehema: ingekatika vali, hata mkono wa shemegi usingesaidia. Tuliweka ya bronzi, mpira mpya, klipu mbili za stenlesi badala ya moja, na kando yake nikafunga kwa uzi kizibo cha mbao laini nilichokichonga kama karoti. Ikivunjika yote, kizibo kinagongwa kwenye tundu na kinavimba.

Juu ya kitanda nilibadilisha matundu mawili kuwa matatu, 45 kwa 40, yenye vifuniko visivyo na bawaba. Vinakaa juu ya fito za ndani, kila kimoja na tundu la kidole na komeo la mti, ili boti ikilala sana kisiruke. Mwanya wa milimita mbili kila upande. Mkono wangu wa kabati uliona aibu na mwanya huo, lakini kifuniko kinachobana vizuri siku ya kiangazi ndicho kinachong'olewa kwa bisibisi siku ya mvua.

Godoro lilinisumbua kuliko mbao. Lilikatwa vipande vitatu, na hapo nilikosea. Nilipima vipande kwa kugawa urefu sawa, 65 kila kimoja, bila kutazama vifuniko viko wapi, na mshono wa kwanza ukaangukia katikati ya kifuniko cha pili. Ili kukifungua, vipande viwili vinainuliwa. Isitoshe, mshono mmoja ulipita chini ya nyonga ya mwenye kulala. Niliunganisha sponji tena kwa gundi ya viatu, nikamlaza kijana wa tanga, nikaweka alama begani, nyongani na chini ya goti, kisha nikakata pasipo uzito wa mwili: 50 kichwani, 90 katikati, 55 miguuni. Vifuniko vya kichwani na miguuni kila kimoja kina kipande chake. Cha katikati ndicho kizito, na chini ya hicho tunaweka vitu visivyotakiwa safarini. Fundi cherehani alitia zipu za plastiki.

Mtungi wa gesi wa akiba umetoka kabisa. Hili ningelifanya hata kama kusingekuwa na kazi nyingine. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chini ya kitanda haipandi mtu akainusa, inateremka ngamani na kutulia humo kama maji, ikingoja cheche. Sasa mitungi yote iko nje, nyuma, kwenye sanduku lenye tundu chini linalotoa baharini.

Baada ya wiki mbili tulijaribu usiku, taa zimezimwa, wageni wa bandia ni watoto wangu wamelala kitandani na mabegi yao. Kijana wa tanga alikuwa amekaa kwenye usukani. Nilipiga ukelele, akashuka, akapiga goti, akaingiza mkono kwenye tundu jekundu, akafunga. Sekunde kumi na moja tangu ukelele, na mwanangu mdogo hakuamka. Maji ya kunywa na miwani vinatoka mbele bila mtu kuondoka kitandani. Jiko bado linataka kipande kimoja cha godoro kiinuliwe, na hatuoni tatizo.

Omoni sikugusa. Pale mvungu ni mwembamba, na kona yake ya mwisho haifikiki na mkono wa mtu yeyote. Tumekubaliana haiwekwi kitu. Kitanda cha kushoto kina vali ya choo, na kiko kama mgeni alivyokiacha, na godoro lake la kipande kimoja. Plaiwudi imeshanunuliwa, fremu zimeshapakwa mara ya tatu. Tunangoja bamvua la mwezi mwandamo, na shemegi amekubali kutochukua wageni hadi hapo.